Mtutu wa Sentimita Arobaini

Kila siku Irene akishuka kwenye basi la shule pale Germantown, ughaibuni walikohamia kutoka Moshi, alipitia mlango wa gereji, kwa sababu mama yake hakutaka viatu vya tope kwenye zulia. Alivua viatu, akapaza sauti, "Shikamoo, mjomba!" na Mjomba Elisante akaitikia "Marahaba!" kutoka chumba chake cha chini. Mama, Leokadia, alikuwa muuguzi na zamu zake zilikuwa ndefu. Kwa hiyo mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyempokea Irene, akamchemshia chai ya tangawizi na kumkagulia kazi za shule.

Alhamisi moja Irene aliukuta mlango wa gereji umefungwa kwa ndani. Nje palikuwa na gari la Gichuki, rafiki wa mjomba anayekaa mbali, mji wa Hyattsville. Irene alilitazama gari lile kwa mashaka. Kwa foleni za alasiri, hakuna mtu anayetoka Hyattsville mpaka Germantown siku ya kazi bila jambo. Basi akafanya kile ambacho watoto wote wamekatazwa: alitega sikio mlangoni.

"Mtutu mrefu mno huu," mjomba alisema. "Lazima tukate."

"Jumamosi basi," Gichuki akajibu. "Dada yako akiwa job. Hiyo ni kazi kidogo sana."

Irene alikisikia Kiswahili tangu utotoni, lakini alikisikia kwa mapengo. Mtoto aliyekulia Moshi angelisikia lile "huu" akajua kwamba si mtu anayesemwa. Yeye alisikia "mtoto mrefu mno" na "tukate". Na mwaka ule alikuwa amerefuka kama mgomba, kila mgeni alilisema.

Mlango ukafunguka ghafla. Mjomba alipomwona alishtuka kuliko yeye.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Sasa hivi tu," Irene alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Sikiliza, mama. Usimwambie mama yako kwamba Gichuki amekuja. Iwe siri yetu, sawa?"

Irene aliitikia kwa kichwa. Mjomba hakuwahi kumwomba siri ya aina yoyote, hata ya zawadi ya siku ya kuzaliwa. Chai ya siku ile hakuimaliza.

Jioni, mama akikoroga mchuzi, Irene alijikaza akauliza, "Mama, mtoto akiwa mrefu sana, anakatwa nini?"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Anakatwa nywele! Nani kakuambia maneno hayo?"

"Labda si mtoto. Labda ilikuwa... mtutu."

Kicheko kikakatika. "Mtutu ni lile bomba la bunduki, linalopita risasi," mama alisema polepole. "Umelisikia wapi neno hilo?"

"Kwenye video," Irene akadanganya.

Mama akarudi kwenye mchuzi wake. Hakuamini, na Irene alijua kwamba hakuamini. Walikula kila mmoja akimchungulia mwenzake.

Bunduki yenyewe haikuwa siri. Kila msimu wa mapukutiko mjomba na wenzake wa kazini walikwenda milimani, magharibi ya jimbo, kuwinda kulungu, naye alikuwa na leseni. Mama alikubali bunduki ikae ndani ya nyumba yake kwa masharti: ikae bila risasi kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na ikiharibika ipelekwe kwa fundi mwenye leseni. Sasa kwa nini ikatwe? Na kwa nini mama asiwepo?

Ijumaa shuleni walifanya mazoezi ya kujifungia darasani, endapo siku moja mtu mwenye bunduki atavamia shule. Taa zilizimwa, wakajibanza ukutani bila kupumua kwa sauti, kama walivyofundishwa tangu wakiwa chekechea. Pale gizani Irene aliwaza kwamba bunduki fupi huingia ndani ya koti, na hakuna anayeiona. Alimpenda mjomba wake sana. Wazo lile lilimtia aibu na hofu kwa pamoja, na halikutaka kumtoka.

Jumamosi, mama alipokwenda kazini, gari la Gichuki likarudi. Irene akiosha vyombo alisikia msumeno ukikwaruza chuma. Akafuta mikono, akausukuma mlango wa gereji. Safari hii walisahau kuufunga.

Bunduki ilikuwa mezani vipande vipande, na mtutu umebanwa kwenye jiliwa. Ulikuwa umefungwa utepe mwekundu mahali pa kukatwa. Mjomba alikuwa ameshika msumeno.

"Rudi ndani, Irene!"

Hakurudi. Mjomba alikuwa na desturi ya kujifanya kiziwi kila Irene alipomjibu kwa Kiingereza, basi akayatafuta maneno kwa Kiswahili, moja moja, ili asikike.

"Mjomba, unataka kuificha bunduki kwenye koti? Unataka kumuua nani?"

Msumeno ulibaki hewani. Mjomba Elisante alionekana kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Kumuua nani? Mimi? Ee Mungu wangu, mtoto huyu amekaa na jambo hilo tangu Alhamisi!" Aliinama, akamwonyesha ncha ya mtutu. "Niliteleza mwaka jana, ikagonga jiwe. Tazama ilivyobonyea. Risasi haiendi tena inakoelekezwa. Halafu ni ndefu, inanasa kwenye vichaka. Nakata sehemu mbovu, basi."

"Kwa nini usimpelekee fundi, kama mama alivyosema?"

Mjomba alijikuna shingo. "Baba yangu, babu yako, alikuwa na karakana. Mimi nishindwe kukata bomba? Na sheria tunaijua. Mtutu usipungue inchi kumi na sita. Tumepima sentimita arobaini. Ni hizo hizo."

"Ni hizo hizo," Gichuki aliunga mkono. "Sisi tulisoma metric, msichana. Tunajua."

Irene aliutazama utepe mwekundu. Darasani walikuwa wamemaliza somo la kubadili vipimo wiki ileile, na ule mtihani alikuwa ameupata wote. Inchi moja ni sentimita mbili nukta tano nne. Alizidisha kichwani, akarudia, akapata jibu lilelile.

"Si hizo hizo. Inchi kumi na sita ni sentimita arobaini nukta sita nne."

Alikimbia ndani akaleta futi ya kushonea ya mama, ile yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Akaweka kidole kwenye arobaini, akaigeuza. Kidole hakikufika kwenye kumi na sita. Pengo halikuzidi unene wa penseli.

"Hiyo ni milimita tu," Gichuki alisema. "Nani ataona?"

Mjomba alisitasita. Alimtazama rafiki yake, akautazama utepe, kisha aibu ya kushindwa mbele ya mtoto ikamshika. Akauweka msumeno kwenye chuma tena.

Irene alichukua simu akampigia mama. Kwa bahati mama alikuwa kwenye mapumziko.

"Mama, nilikudanganya," alisema. "Si kwenye video. Ni mjomba. Anakata mtutu sasa hivi, na amekosea kipimo. Aliniambia nisikwambie."

"Niweke kwenye spika," mama alisema. Kisha sauti yake ikajaa gereji nzima: "Elisante! Weka msumeno chini. Chuma kikishakatwa hakiungwi tena. Na hiyo kadi yako ya ukaazi wa nchi hii, ukinyang'anywa kwa kuvunja sheria, nani atakurudishia?"

Mjomba aliuweka msumeno chini. Gichuki ghafla alikumbuka kwamba ana haraka, lakini mama alimwita kwa jina, naye akakaa.

Mama aliporudi hakumgombeza mtu. Waliifungia bunduki kwenye sanduku lake, na siku mama alipopata nafasi wakaipeleka wote watatu kwa fundi, mwanamke wa makamo mwenye duka upande wa Frederick. Aliugeuza mtutu huku na huku, akamsikiliza mjomba alivyopima, kisha akaupima kwa kifaa chake kwa ndani.

"Hata pale ulipoanzia kupima sipo; mtutu hupimwa kwa ndani, si kwa nje," alimwambia mjomba. "Ungepata pungufu zaidi ya unavyodhani. Bunduki ya aina hii ikiwa na mtutu usiofika inchi kumi na sita, serikali kuu inataka uombe kibali na kuisajili kabla hujaikata. Kabla, si baada. Bila hivyo ni kosa la jinai, hata kama hujaitoa kabatini. Na jimbo nalo lina sheria zake juu ya hapo. Isitoshe, ncha isiponyooshwa vizuri, risasi itakwenda kombo kama mwanzo." Alipitisha ukucha juu ya mkwaruzo mdogo. "Nani aliusimamisha msumeno hapa?"

Mjomba alimwekea Irene mkono begani. "Huyu hapa," alisema. Fundi alielewa. Alisema ataondoa sehemu iliyobonyea tu na kuuacha mtutu mrefu kuliko sheria inavyodai. Mjomba alikubali bila kubisha.

Ndani ya gari, mjomba ndiye aliyeanza kusema. "Nimekukosea, Irene. Nilikutwisha siri isiyo yako, mpaka ukaniona muuaji."

"Na mimi nilitega sikio, halafu nikadanganya," Irene alisema. "Ningekuuliza tu siku ileile."

Mama aliegesha gari kando ya barabara, akawageukia wote wawili.

"Sheria haina sikio la kusikia 'nilidhani'. Elisante, kuuliza si ujinga. Kwa unene wa penseli ungefungwa, na ukitoka ungerudishwa Moshi, sisi tukabaki kukuona kwenye simu. Irene, wewe ulikaa na hofu moyoni kwa sababu uliogopa kuuliza. Shuku ukishuku, lakini uliza. Na ushike hili mpaka ukue: mtu mzima akikwambia 'usimwambie mama yako', hata awe mjomba unayempenda, jambo hilo ndilo la kwanza la kuniambia."

"Nimesikia, mama," Irene alijibu kwa Kiswahili.

"Nimesikia, dada," mjomba naye akasema, akiwa ameinamisha kichwa, na mama akawasha gari wakarudi nyumbani wote watatu.