Picha ya Tisa

Khairiya aliibandika picha ya nane kwenye kadibodi, akaikandamiza kwa kiganja mpaka gundi ikashika. Chini yake aliandika tarehe, nyumba na jina la mwenye bomba. Hivyo ndivyo Bi Roseline, mhudumu wa afya wa mtaa wao wa Magogoni, alivyowafundisha. Picha zote zilionyesha mabomba ya maji ya kunywa yaliyolazwa ndani ya mtaro wa maji machafu.

"Bado hii," alisema rafiki yake Kioko.

Picha ya tisa ilimwonyesha Kioko mwenyewe akichota maji ya mtaro kwa kikombe, akijifanya anakunywa. Khairiya ndiye aliyempanga.

"Hii itawauma wakubwa," Khairiya alisema, akaibandika katikati.

Mdogo wake, Imad, alikuwa ametoka hospitalini juzi, baada ya kulazwa siku nne kwa kuhara. Khairiya aliapa kwamba mabomba yale yatatoka mtaroni kabla ya mvua.

Saa nane mchana wakazi walijaa ukumbini. Bwana Mramba, afisa wa afya aliyeitwa kusikiliza malalamiko yao, alizipitia picha polepole. Alipofika katikati, akamgeukia Kioko.

"Kijana, wewe ndiwe unayekunywa maji ya mtaro?"

Kioko akainamisha kichwa.

"Mbona mashavu yanang'aa hivyo? Mtaro una siagi?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Mramba akafunga faili lake. "Kama hii ni maigizo, na hizo nyingine ni maigizo. Tumemaliza."

Uso wa Khairiya uliwaka. Akaenda mbele, akaibandua ile picha kila mtu akiona.

"Shikamoo, Bwana Mramba. Hii niliipanga mimi, na nimekosa. Lakini hizi nane, wallahi, sikugusa hata jani. Nyumba zimeandikwa. Twende ukazione."

"Leo nina kazi nyingi, binti."

"Ndugu yangu alilazwa siku nne. Hutoki hapa ila kwenda mtaroni."

Akaketi mlangoni. Kioko akaketi kando yake, kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kisha wengine, mpaka njia ikaziba.

"Bwana afisa," Bi Roseline aliuliza kwa upole, "utaturuka au tuongozane?"

Wakaongozana. Kwenye nyumba ya kwanza bomba lilikuwa limepasuka, ufa umefungwa kwa mpira wa baiskeli, maji meusi yakipita juu yake. Bwana Mramba hakucheka tena. Walipofika nyumba ya tatu aliandika akiwa amesimama: mabomba yote manane yainuliwe ndani ya siku saba, na kamati ya afya ya kaunti ipelekewe pendekezo la kupiga marufuku bomba la maji kupitishwa mtaroni, popote pale.

Alipoondoka, Bi Roseline alimshika Khairiya bega. "Umeona? Picha moja ya uongo nusura izizike nane za kweli. Dai haki yako bila woga, mwanangu, lakini uidai kwa ukweli mtupu."

"Nimesikia, Bi Roseline. Na hiyo kamati itakubali?"

"Itauliza kama ni Magogoni peke yake. Mtaa wa Utange nako mabomba yamo mtaroni, na hatujapiga hata picha moja."

Khairiya akachukua kadibodi mpya, akaandika UTANGE kwa kalamu nzito, akaiegemeza ukutani ikiwa tupu. Mwangaza ulikuwa umepungua. Wangeanza kesho, saa moja asubuhi.