Jina Lililobaki Bombani

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yetu Anifa, mwezi wa Rajabu mwaka 2019, uani kwake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mbele ya dada zake wawili. Aliisimulia mara moja, akakataa kuirudia. Palipokuwa na mashaka tumemuuliza Beno, aliyekuwepo.

Mumewe, Nassibu, alikuwa mtunza majani kwenye uwanja mdogo wa gofu upande wa Upanga. Februari ya mwaka uliotangulia, majani yote yakiwa yamekauka ncha kwa jua, grini ya saba, ile duara ya majani mafupi yenye shimo, ilikuwa mbichi. Ukikanyaga, kiatu kinazama. Hakuna aliyekuwa ameimwagilia kwa siku nne.

"Bomba la chini limeziba," alisema Mzee Haruna, msimamizi wao. "Tulizibue kabla ya masika, la sivyo grini itaoza."

Ilikuwa kazi ya kila mwaka. Majani yalitobolewa kwa uma, matundu yakajazwa mchanga, kisha watu wawili wakasafisha bomba lililopita chini ya grini. Mmoja alikaa chemba ya juu, akiingiza kamba iliyofungwa brashi. Mwenzake alikaa chemba ya chini, hatua sitini mbele, akivuta. Kati yao palikuwa na kilima, hawakuonana. Walisemezana kwa kugonga bomba kwa spana: mara moja vuta, mara mbili acha.

"Jina la mtu halitajwi humo," Haruna aliwakumbusha.

Beno, fundi wa mashine za kukatia majani, mtu wa Masasi, alikuwa mgeni wa kazi hiyo. "Kwani mzee, bomba lina masikio?"

"Halina. Ndiyo maana hujui anayesikia ni nani."

"Haya. Watu wa pwani kwa majini hamjambo."

Asubuhi hiyo spana ilimponyoka Beno, ikazama kwenye matope ya chemba ya juu. Akainama, akaweka mdomo kwenye bomba. "Nassibu. We Nassibu, vuta."

Nassibu alizaliwa Kariakoo na mwiko huo aliujua tangu utoto. Aliitika kabla ya kufikiri. "Naam."

Akavuta. Kamba ilikuja nzito, kisha nyepesi. Bomba lilikuwa limejaa maji, lakini kamba ilitoka kavu, ikinuka udi.

"Nassibu, vuta," sauti ya Beno ikasema tena bombani.

Akageuka. Beno alikuwa amesimama nyuma yake, amekuja kuazima spana.

Siku ya tatu, saa saba mchana, Nassibu akiwa amelala chumbani, Anifa alikuwa akifua uani aliposikia mtu akiita kutoka tundu la maji ya bafuni. Aliijua sauti. Akachukua simu.

"Shemeji Beno, uko wapi?"

"Kazini, shemeji. Kuna nini?"

"Unamwita mume wangu. Upo bafuni kwangu."

"Usiniambie hivyo, shemeji," alisema taratibu.

Chumbani, Nassibu akaitika, "Naam."

Kila alipoitika alipungukiwa. Nyayo zake zilijikunja kama za mtu aliyeshinda ndani ya maji, na sauti yake ikafifia hadi Anifa akawa anamtegea sikio mdomoni.

"Ikiisha sauti, nitakwenda mwenyewe," Nassibu alimnong'oneza. "Sasa mimi ndiye ninayevutwa."

Mvua kubwa ya kwanza ya masika iliponyesha, alasiri, Nassibu alitoka bila viatu, na Anifa akamfuata akikimbia, akivuka Mnazi Mmoja huku kila mtaro alioupita ukiita jina lile lile kwa sauti ile ile, hata alipofika uwanjani akamkuta amelala kifudifudi kwenye chemba ya chini, mkono umeingia bombani hadi begani, na Mzee Haruna na Beno wamemshika miguu wakimvuta, naye hasogei, wala halii, na maji ya grini nzima yamesimama juu ya majani kama kioo, hayashuki.

Haruna alikuwa ameshatuma mtu kumleta Bi Kuruthumu, mganga wa Mtaa wa Mchikichi. Alifika na mwavuli, akachuchumaa.

"Kilichomo humo kilipewa nini?"

"Jina," Haruna akajibu.

"Kilichotolewa kwa hiari hakinyang'anywi. Tutamtoa mtu. Jina tutaliacha."

Akamwadhinia Nassibu sikioni kama mtoto mchanga, akamtajia jina jipya: Mbaruku. Kisha akamwambia Anifa, "Kitaita tena. Akiitika, mwanangu, umekosa mume."

Kikaita kwa sauti ya Beno. Kikaita kwa sauti ya Haruna. Midomo ya mumewe ilitetemeka ikabaki imefungwa. Kisha ikatoka bombani sauti ya Anifa mwenyewe, ya upole, kama anavyomwamsha alfajiri, nayo ikasema, "Nassibu, mume wangu," naye akamtazama mkewe, akafumbua mdomo, na Anifa akamziba kwa viganja vyote viwili huku akihisi pumzi ya neno ikisukuma vidole vyake.

Ndipo ndani ya bomba mtu akaitika, "Naam." Ilikuwa sauti ya mumewe, nzima, kama ya siku ya harusi.

Mkono ukatoka. Maji yakashuka yote kwa pamoja.

Mzee Haruna alifariki mwaka 2021. Bi Kuruthumu alimfuata mwaka uliofuata. Beno yu hai, amerudi Masasi, analima korosho. Anifa yu hai. Mbaruku yu hai, ana watoto wawili. Nassibu hatujui tumweke upande upi, maana hakuna kati yetu anayethubutu kumwita amuulize.