Nyale Ajibu Peke Yake

Jalila alifundisha vijana Kiingereza kila jioni huko Likoni. Akisoma sentensi, darasa zima huitikia kwa pamoja mpaka mabati yalie. "Mashallah, wanajua!" alijisifu.

Jioni moja alimwuliza Nyale swali peke yake. Nyale alisafisha vyumba katika hoteli moja ya Shelly Beach, na karibuni angejaribiwa kazi ya kuhudumia wageni mezani. Nyale akawageukia wenzake, akingoja waanze wao. Lenox, kijana aliyejua kuliko wote, akapiga mwayo. Nyale akachukua mkoba wake.

"Mwalimu, mimi hufuata sauti za wenzangu tu," alisema. "Kazi ile nitawaachia wanaojua."

Jalila aliumia sana. Akapita kwa jirani yake, Bi Dhahabu, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Jalila akaeleza yote. Bi Dhahabu akatabasamu.

"Utotoni, chuoni mlisomaje Kurani? Mmoja yuko kwenye herufi ya alifu, mwengine yuko sura ya Yasini, na mwalimu ni huyo huyo."

"Na waliotangulia walitusomesha sisi wadogo."

"Basi! Wape kazi moja, lakini kila mtu kwa kadiri yake. Anayeanza amwulize mgeni atakula nini. Anayejua kiasi aeleze chakula. Aliye mbele amtulize mgeni mwenye hasira. Wazungumze wawili wawili kwanza, haya iwatoke. Na mtu akikosea, mwache amalize, ndipo umrekebishe."

Mwalimu anayekubali kufundishwa ni wa kuvuliwa kofia. Kesho yake Jalila alimfuata Nyale nyumbani, akamsihi mpaka akarudi. Darasani akawagawa wawili wawili, akamketisha Nyale na Lenox. Lenox alinuna mwanzoni. Lakini kumweleza mwenzako si mchezo. Ilimbidi afikiri upya hata yale aliyodhani anayajua. Miayo ikamwisha.

Siku ya majaribio ikafika. Jioni Nyale aliingia darasani na sare mpya ya wahudumu. Vigelegele! Akasimama, akasimulia kwa Kiingereza jinsi mgeni mmoja alivyomkataa samaki kwa sababu ana kichwa, naye akambembeleza mpaka mgeni akamla samaki. Alikosea hapa na pale, lakini hakukwama. Jalila alilengwa na machozi.

"Nimemfundisha mimi huyo!" Lenox akapaza sauti.

Nyale akamgeukia. Akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba ni kweli, na kwamba kesho yeye atamfundisha Lenox kubeba sahani. Darasa likaangua kicheko, na Lenox akacheka kuliko wote.