Pana Mtu Hapa?

Nilikwenda kilabu cha Kondoo Dume kurudisha bakuli la pai. Hilo tu. Beddoes, mwenye kilabu, aliniletea pai wakati wa msiba wa mume wangu. Nusu nikala mimi, nusu akala paka, na bakuli likakaa dirishani kwangu tangu Machi hadi Novemba likinitazama. Ijumaa ile jioni nikalifunga kwa taulo, nikavaa buti, nikateremka mlima. Kwetu jua la Novemba huondoka mapema bila kuaga. Nilipovuka kijito, taa za kilabu zilikuwa zimeshawashwa na moshi wa kuni umelala juu ya paa.

Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ya maziko. Ijumaa zote za ndoa yetu tulikutana pale, mimi na Alwyn. Yeye alitoka kwa kondoo wake akatangulia, akakaa meza ya karibu na moto, akaweka kofia yake juu ya kiti changu. Mtu akija na sahani mkononi akauliza, "Samahani, pana mtu hapa?" Alwyn humjibu, "Pana mtu. Namngoja mke wangu." Hata siku ya mnada, kilabu kimefurika hadi mlangoni, kofia ile haikuondoka. Nami nikiingia, maneno ni yale yale: "Umechelewa, bibi. Bia yako imezeeka."

Moyo ulimsimama malishoni, akimzalisha kondoo, theluji inaanguka. Tulimzika na kofia yake. Niliiweka kifuani pake kwa mkono wangu.

Nilisukuma mlango. Ndani hapakuwa na mtu ila Beddoes na mbwa wake.

"Shemeji," akasema Beddoes. Alifurahi, kisha nikaona furaha inamtoka. "Umekuja leo?"

"Bakuli lako hili. Watu wako wapi? Au umeanza kutia maji kwenye bia?"

Hakucheka. "Ijumaa hawaji mpaka giza likolee. Wanangoja ipite jioni."

"Ipite jioni kwa nini?"

Akanionyesha rafu juu ya kaunta. Pale ndipo vinapokaa vikombe vya bati vya wateja wa siku zote, kila mtu na chake. Aliye hai, kikombe chake hutazama juu. Aliyekufa, mkewe hukipindua kwa mkono wake siku ya maziko, akamtaja jina na kumwambia yale maneno ya kufungia kilabu: saa imefika, nenda nyumbani. Mtu mwingine hawezi kumfanyia. Siku ile Beddoes aliniita, nikamwambia, kiache, kesho. Kesho yangu haikufika. Sikuweza, basi. Ningewezaje?

Kikombe cha Alwyn kilikuwa bado kinatazama juu. Kwenye ukingo wake palikuwa na povu bichi.

"Anakuja," nikasema.

"Kila Ijumaa."

Nisiwafiche, nilifurahi. "Basi aje. Kosa lake nini? Una wateja wazima wabaya kuliko yeye."

"Shemeji, Alwyn hatusumbui. Tunamwogopa huyo anayekuja kukaa naye."

"Nani?"

Beddoes aliangalia mikono yake.

"Wewe."

Hapo nikamkumbuka yule mwanamke. Siku ya maziko, kilabu kimejaa, nimesimama na kikombe cha chai nisichokinywa. Mwanamke wa koti la kijivu, limelowa chepechepe na nje hapakuwa na mvua, akanyoosha kidole kwenye kiti changu. "Samahani, pana mtu hapa?" Sisi huku tunafundishwa adabu kabla ya kufundishwa kutembea. Hata uso sikumtazama. Nikasema, "Hapana. Kaa tu." Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mimi mwenyeji nikampa kiti changu kando ya mume wangu.

Mbwa akainuka. Akaingia chini ya kaunta, akajikunja, akaficha pua.

Harufu ikaja kwanza. Sufu iliyolowa... tumbaku yake... udongo.

Mlango haukufunguka. Nilipogeuka, alikuwa ameshakaa.

Alwyn wangu. Mabega yale yale, na kola imepinda upande kwa sababu asubuhi hiyo sikuwepo kuinyoosha. Kofia ilikuwa juu ya kiti changu, na mbele yake glasi ya bia ambayo hakuna aliyemletea. Nilimwendea nikiwa na maneno ya miezi yote ile mdomoni, na yakagoma. Yaliyotoka ni yale ambayo mdomo umeyazoea.

"Samahani," nikasema. "Pana mtu hapa?"

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mpita njia.

"Niwie radhi, mama. Pana mtu. Namngoja mke wangu."

"Alwyn. Ni mimi. Ni Nesta."

Akatabasamu, lile tabasamu lake la kuwatuliza walevi. "Nesta yuko njiani. Ana miguu mifupi, maskini, lakini hufika."

Jamani. Alikuwa ananitunzia kiti, na ananinyima mimi.

Nyuma yangu nikasikia maji yakidondoka sakafuni. Tap... tap... tap. Harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi. Kisha sauti. Yangu. Hata ule mkwaruzo wa kifua cha baridi.

"Nimefika."

Alwyn akaondoa kofia kwenye kiti, haraka, kwa furaha. "Umechelewa, bibi. Bia yako imezeeka."

Koti la kijivu likapita ubavuni pangu, likakaa. Uso ulikuwa wangu. Ulikuwa mzuri kuliko wangu, wa siku nilizokuwa nikilala vizuri. Akamshika Alwyn mkono, na pale alipomshika, mkono wa shati ukashuka taratibu, kama ndani yake hamna kitu.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Leo twende."

"Ngoja nimalize hii."

Nilirudi kaunta nikijishika kwenye viti. Beddoes alininong'oneza sikioni. "Kila Ijumaa anamwambia hivyo. Ijumaa iliyopita Alwyn aliinuka nusu."

"Wakitoka, wanakwenda wapi? Kwangu hawajafika."

"Huyo mwanamke hatazami njia ya kwako. Anatazama mlango wa nyuma. Kule kuna kisima cha zamani tu, na babu yangu alikifunika bila kutuambia sababu."

"Nikikipindua kikombe, Alwyn atarudi tena?"

"Hatarudi."

"Hata Ijumaa?"

Machozi yalimlengalenga, mzee wa watu. Alimpenda Alwyn naye. "Hata Ijumaa, shemeji."

Nikageuka kumtazama mume wangu akicheka. Miezi yote ile nililia ili nimwone mara moja tu, na huyo hapo, anacheka na mwingine akidhani ni mimi. Ningeweza kuja kila Ijumaa nikamtazama kwa mbali. Niliwaza hivyo, na wala sioni haya kusema. Lakini alikuwa ameweka glasi chini. Alikuwa amemaliza. Akashika ukingo wa meza, akaanza kuinuka.

Nikachukua kikombe. Kilikuwa na baridi ya kufika mfupani. Nikakipindua rafuni na povu likanimwagikia vidole.

"Alwyn Pugh," nikasema. "Saa imefika. Nenda nyumbani."

Hakuna mwanamume wa kwetu asiyeyaitikia maneno yale. Alwyn akajipapasa kichwani akitafuta kofia. Akamtazama yule aliyekaa. Kisha akageuka kaunta, akatazama mkono wangu uliokuwa juu ya kikombe, na kile kidole kilichopinda tangu siku kondoo dume aliponikanyaga. Yeye ndiye aliyekifunga kidole kile kwa kitambaa chake, akinitania kwamba sasa sitaweza kumnyooshea tena.

"Nes?" akasema.

Na hakuwepo.

Lile koti likabaki kitini. Likageuka taratibu. Uso haukuwa tena wangu. Haukuwa wa mtu yeyote. Likasimama, likatoka kwa mlango wa nyuma, na maji yakalifuata sakafuni kama mkia. Mezani ilibaki kofia ya Alwyn, ina udongo kwenye mishono. Niliikumbatia nikalia mpaka Beddoes akanifunika koti lake, na watu walipoanza kuingia aliwaomba wakae upande mwingine.

Siku hizi Ijumaa nafika mimi kwanza. Naweka kofia juu ya kiti chake. Beddoes huniletea pai na bia, haulizi kitu. Watu wakiuliza, nawajibu. Wote wanajua jibu, ila kwetu lazima uulize.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nakata pai nikasikia maji yakidondoka nyuma yangu. Sikuinua macho.

"Samahani, pana mtu hapa?"

Ilikuwa sauti ya Alwyn.

"Nes," ikasema tena, chini chini. "Miguu inaniuma. Nimekaa kondeni siku nzima."

Nililijua lile koti bila kuligeukia. Nililijua, na bado mkono wangu ulikwenda wenyewe ukashika kofia. Nilitaka kuiondoa. Mungu ananijua nilivyotaka. Neno moja tu la adabu, na ningekuwa na mtu wa kuniambia nimechelewa.

"Pana mtu," nikasema. "Namngoja mume wangu."

Moto ukapasua kuni.

"Basi nitasimama," ikasema.

Imesimama mpaka leo. Beddoes anapiga deki pale kila asubuhi na sakafu haikauki. Kesho ni Ijumaa, na mimi nitakwenda, maana sina pengine pa kumngojea Alwyn. Ninachoomba ni kwamba isiniambie bia yangu imezeeka.