Umepokea Nini?

Jumamosi ni siku ya kupumzika, husema watu wasiofua. Advera alikuwa ameamka mapema, amechota maji, amefua nguo za nyumba nzima na kuzianika, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Mama yake, Koleta, alikuwa ametoka kuuza maandazi stesheni ya Tabora, na sasa alikuwa anajifunga kitenge kurudi huko huko kusubiri treni ya mchana. Wote wawili walikuwa hoi.

"Bibi asimeze dawa ya sukari kabla hajala," mama alisema akiwa mlangoni. "Uji umo kwenye chupa."

"Ndiyo, mama," Advera alijibu. Maskini, vipokea sauti vilikuwa tayari masikioni. Aliona midomo ya mama ikicheza tu, naye akaitikia kama mtoto mwenye adabu.

Vilikuwa vya kompyuta kuukuu aliyoiunda mjomba wake Emilian, fundi, akaweka humo mchezo wa kurusha ndege. Raha yake ni kwamba mtu haruki peke yake. Mtandaoni kuna watu wanaojitolea kuongoza ndege hizo za mchezo kwa sauti zao wenyewe, na marubani wengine huruka anga hiyo hiyo kutoka majumbani mwao. Siku hiyo anga ya Tabora iliongozwa na Lugembe, kijana wa Nzega aliyekwisha kumzoea Advera.

Lugembe alimwambia asishuke kwanza, kwani kulikuwa na ndege nyingine chini yake. Kope za Advera zilikuwa nzito. Alisema, "Nimepokea," yaani amesikia, akaishusha ndege.

"Umepokea nini?" Lugembe aliuliza. "Rudia nilichosema."

Advera alikiri kwamba hakusikia. Lugembe alimwamuru apande upesi, kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo lile lile, akamweleza kwamba rubani hajibu ndiyo tu. Hurudia alichoambiwa, na asiposikia huomba aambiwe tena.

"Huu ni mchezo, mdogo wangu," alisema. "Ingekuwa kweli, chini yako kungekuwa na watu."

Maneno hayo yalimchoma. Mama naye alikuwa amesema jambo pale mlangoni. Jambo gani? Advera alijaribu kulirudia, asipate hata neno la kwanza. Alimuaga Lugembe, akavua vipokea sauti, akakimbilia chumbani kwa bibi.

Bibi Recheli alikuwa ameketi kitandani, kidonge kiganjani, akipapasa kutafuta kikombe cha maji. Mwezi uliopita alimeza kidonge kama hicho akiwa na njaa, akatetemeka na kuanguka uani. Advera alimwomba asubiri, akachukua simu yake na kumpigia mama.

"Mama, nisamehe. Niliitikia lakini sikukusikia. Uliniambia nini?"

Mama alirudia polepole. Advera naye akarudia: bibi ale uji kwanza, ndipo ameze dawa. Alimmiminia bibi uji, akakaa naye mpaka akaumaliza.

Jioni mama alirudi miguu imevimba, akaketi mkekani. Hakugomba, alikuwa amechoka mno.

"Kuitikia ni adabu, mwanangu," alisema, "lakini kuitikia bila kusikia kungemwangusha bibi yako. Kusema hukusikia si aibu hata kidogo."

Advera alimwambia kwamba maji ya kuoga yako tayari.

"Haya," mama alijibu, akiwa amefumba macho.

"Nimesema nini, mama?"

Mama alifumbua jicho moja. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaomba aambiwe tena.