Sakafu Iliyokawia Kushika

Haya yalimpata dada yangu Wahu, pale Silibwet, Julai ya mwaka juzi. Yeye na mumewe Kinuthia walikuwa wanajenga, na nyumba ilikuwa imefika kwa sakafu. Walikuwa wamekodisha chumba ploti ya pili, wawe karibu na kazi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Fundi Ratemo aliwaambia wangoje jua, maana simiti haishiki vizuri kwa baridi. Wahu alikuwa amechoka kungoja. Wakamwaga konkriti, wakailainisha, wakaifunika na nailoni na magunia.

Kesho yake Wahu aliamka vidole vya miguu vimekufa ganzi. Kule kwa nyumba, Ratemo alikuta sakafu imeshika karibu na mlango tu. Kwingine bado ilikuwa uji.

Hatukuyaunganisha. Nani angeyaunganisha?

Konkriti iliendelea kushika polepole, kutoka mlangoni kwenda ndani. Ganzi nayo ikapanda. Vifundo. Magoti. Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Mchungaji aliomba, akaenda. Miguu ya dada yangu ikawa migumu, rangi ya kijivu.

Kinuthia ndiye aliyeelewa kwanza. Akamwambia Ratemo aivunje sakafu yote.

Sururu ilipiga mara moja. Kitandani, Wahu akapiga yowe. Mimi niliyekuwa nimekuja kumuuguza nilifunua blanketi. Mguu ulikuwa umepasuka, na hakuna damu iliyotoka.

Nilikimbia nje kuwazuia.

Kinuthia akaanza kumwaga maji, ndoo baada ya ndoo, isishike. Ratemo alimshika mkono.

“Mzee, maji ndiyo inaikomaza.”

“Sasa nifanye nini?”

Ratemo akamnyang'anya ndoo.

Mchana huo kilibaki kipande kidogo kibichi kwa kona, kama upana wa sinia. Kinuthia alipiga magoti akakikoroga na mikono, simiti ikimchoma ngozi. Mimi nilikuwa nimemshika Wahu.

“Jecinta,” akaninong'onezea, “imefika kifuani.”

Kinuthia alikoroga. Ikawa nzito. Ikawa nzito zaidi. Alipokuja kwetu, mikono ikiwa ya kijivu hadi viwiko, Wahu alikuwa amenyamaza.

Siku ya mazishi niliingia kuiangalia ile sakafu. Ilikuwa kavu, tambarare, laini kabisa, hata pale sururu ilipokuwa imepiga.

Nyumba ilifungwa, hakuna aliyehamia. Juzi tuliifungua na Ratemo. Katikati ya sakafu kuna umbo la vidole vya mkono. Havijaingia ndani ya konkriti. Vimeinuka juu, kama vya mtu anayesukuma kutoka chini.