Dakika Kumi na Tisa za Denyse

Siku ile ya Juni 1999 Grande Barrière, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, ilikuwa imefurika. Akina mama wa Cyanzarwe walisukumana na vikapu vya viazi na vitunguu kuelekea Goma, na katikati ya foleni alichutama kijana mrefu, kamera ya video begani, akirekodi miguu ya watu.

"We mutu ya kamera! Miguu yangu nilikuuzia lini?"

Egide aliinua macho. Gauni la kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, nywele zimesukwa, tepu ya fundi cherehani shingoni. Alisahau alichokuwa akirekodi.

"Samahani, dada. Natengeneza filamu. Nimeichukua opera moja ya zamani ya Kiitaliano, naihamishia hapa Gisenyi."

"Opera ni kitu gani?"

"Mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba. Hata mtu akitaka maji ya kunywa, anaimba."

"Aa, kama mi na maman tukigombana." Akacheka, na foleni nzima ikageuka kumtazama. "Naitwa Denyse. Kwa chorale yetu, mi ndiye naimba mbele."

Basi, kazi ikawa imekwisha hapo. Egide alikuwa amezunguka mji mwezi mzima akitafuta sauti, kumbe sauti ilikuwa kwenye foleni ikimgombeza.

Denyse akawa mwimbaji, akawa fundi wa mavazi, na kabla ya wiki tatu akawa mpenzi. Kila siku saa sita mchana Egide alipiga simu kutoka posta kwenda kwa Mugabo, mwenye duka la dawa jirani na cherehani ya Denyse.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula muziki yako. Haijazi tumbo."

"Nakuletea samaki, sambaza za kukaanga."

"Leta na pilipili. Na leta ile uso yako."

Mugabo alikohoa kuonyesha kwamba anasikia. Alisikia kila siku, na hakuna siku aliyoondoka kaunta.

Shida ilikuwa mwisho wa hadithi. Katika opera ile msichana anakufa, na mji mzima unamlilia.

"Badilisha," Denyse alisema.

"Opera ndivyo zilivyo, mpenzi. Bila kifo hakuna opera."

"Egide, sikiliza. Maman alikuwa na watoto watatu. Kaka zangu wawili walikufa mwaka wa tisini na ine, hata kaburi haiko. Mi ndiye nilibakia. Sitalala kwa mukeka nikijifanya maiti."

"Naapa sitakulaza."

Aliitunza ahadi ile kama wajanja wanavyotunza ahadi. Jumamosi moja Denyse alivuka mpaka kwenda Goma kununua lesi. Egide akatandika mkeka katika ua mmoja wa Rugerero, akalaza juu yake lile gauni la kijani, akaweka picha ya Denyse kichwani, akawasha moto, na wanawake watano wa chorale wakafunga vitenge kiunoni na kuanza kulia. Hakumlaza Denyse. Alilaza nguo yake.

Egide alizaliwa na kukulia Bukoba. Vitabu alisoma, lakini hakujua kwamba huku kwetu moto wa ikiriyo, ule wa kukaa na wafiwa, haupitwi. Ukiuona, unaketi. Baada ya mambo tuliyoyaona, nani angeuliza kwanza kama kifo ni cha kweli? Watu waliingia mmoja mmoja, wengine na kuni kichwani, wakaketi. Egide alifurahi: waigizaji wamejileta! Mwenye pikipiki mmoja aliitambua picha, akakimbiza habari nyumbani kwao Cyanzarwe.

Saa tisa Mukamusoni, mama yake Denyse, aliingia miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimedondoka njiani. Akaanguka juu ya gauni.

"Denyse! Na we pia? Na we pia, mwana wanje?"

Hapo Egide alielewa. Kwa dakika nzima alielewa, na hakuzima kamera.

Denyse aliingia na lesi kwapani. Mama alimwona, akapiga ukelele, akamrukia, akampiga makofi, akamnusa shingo. "Uko mutu? Uko mutu ya kweli?" Denyse alimkumbatia, na juu ya bega la mama yake akaona taa nyekundu ya kamera ikiwaka bado.

Tangu siku ile simu ya saa sita ilijibiwa na Mugabo.

"Denyse anasema haiko."

"Mwambie nimekosa."

"Anasema anajua."

Egide aliipeleka kaseti Kigali kwa watu waliokuwa wamemuahidi ukumbi. Wakatazama wakifuta machozi. "Dakika hizi kumi na tisa ndizo filamu yenyewe," wakamwambia. "Nazo zitakufikisha Ulaya." Usiku huo hakulala. Nakala ilikuwa moja tu, na asubuhi aliipakata ndani ya basi mpaka Gisenyi, akapitiliza hadi Cyanzarwe.

Mukamusoni alikuwa uani akimenya maharage na binti yake. Egide akapiga magoti.

"Mama, hii hapa. Ichome moto."

Mama aliitazama muda mrefu. "Denyse wangu amekufa humu ndani. Nikichoma, atabakia amekufa. Weka yeye muzima juu yake. Yote. Usibakize hata kidogo."

Denyse hakumtazama Egide, lakini hakuondoka. Kamera ikawekwa juu ya kinu, ikawashwa irekodi juu ya kaseti ileile. Maharage yakaendelea kudondoka kwenye sinia.

"Iko bado dakika ngapi?" Denyse aliuliza.

"Kumi na sita."

Denyse akavunja ganda jingine.

"Juu ya nini hukuzima?"

"Niliona picha nzuri. Nilimwona mama yako akilia kweli, nikaogopa kupoteza picha. Naona aibu, Denyse. Sijui niiweke wapi."

Denyse alilia bila kuacha kumenya. Kisha, zilipobaki dakika tano, akaanza kuimba ule wimbo wa mwisho kwa maneno yake mwenyewe: msichana anaamka, anaoga, anaenda soko. Mama akatikisa kichwa: "Hapo juu unapiga kelele." Denyse akacheka na machozi yake.

"Denyse," Egide alisema haraka, akiangalia namba zikikimbia, "utakubali nije na wazee wangu hapa nyumbani?"

Denyse akaokota punje zilizodondoka, moja moja, mpaka kaseti ikaisha na kamera ikalia *tak*.

"Imezima?"

"Imezima."

"Bon." Alisogeza sinia pembeni, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Uliza tena. Mara ya kwanza ulikuwa unauliza kamera."